Mkono Wangu Haukopeshwi

Mwanangu, ipo siku moja ambayo mkono wangu huu wa kulia unaikumbuka kuliko kichwa changu. Vuta kiti, chukua hizo njugu umenye tukizungumza. Na usiniangalie kwa pembe ya jicho. Mimi si adui yako, ni mama yako mkubwa, na watoto wenye shingo ngumu nimewazoea kwa sababu nami nilikuwa mmoja wao. Bado niko.

Jana nilikusikia kule bombani. Yule mtoto wa jirani aliyehamia hapa Migori juzi kutoka Isebania alifungua mdomo akasema "They goes", nawe ukacheka mpaka ukashika mbavu. Haikutosha. Ukawaita wenzako waje wamsikie, ukamwambia arudie. Mtoto wa watu akabeba mtungi wake mtupu akaenda zake. Wewe ukaja hapa mbio kunijulisha kwamba mwalimu amekuteua, eti wewe ndiye wa kwanza kwa Kiingereza, na wa kwanza ana ruhusa ya kuwarekebisha wengine. Sawa. Ngoja nikueleze habari za huyo wa kwanza, maana niliwahi kuwa yeye.

Mnaniita mzee na nywele zangu bado zina weusi, lakini haya, nimekubali. Miaka ya tisini ilipoanza nilikuwa msichana wa darasa la saba. Tulikaa upande wa Homa Bay, kati ya Asumbi na Oyugis, na shule yetu ya msingi ilikuwa juu kwenye mawe, paa la mabati, madirisha hayana vioo. Mvua ikinyesha mwalimu anaacha kufundisha kwa sababu hamsikiani. Mama yangu alikuwa akiuza viazi vitamu soko la Oyugis. Baba alishafariki. Jina langu shuleni lilikuwa Achieng', na wengine waliniita Achieng' Kizungu, jina nililolipenda kuliko nilivyoonyesha.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa Mwalimu Ogola. Mrefu, shati lake limepigwa pasi vizuri, na Kiingereza alikijua, hilo simnyimi mpaka leo. Lakini alikuwa na mtindo wake. Anaandika ubaoni mtu au watu, halafu anakuelekezea chaki umtajie kitendo kinachowafaa. Ukikosa, unabaki umesimama. Anaulizwa mwingine, naye akikosa anasimama. Hivyo hivyo mpaka apatikane aliyejua, na huyo aliyejua anaambiwa, "Zunguka." Kuzunguka ni kupita darasani ukimzaba kofi kila aliyesimama. Ukimpiga rafiki yako kofi la huruma, mwalimu anasema, "Huyo umempapasa," kisha anakuzaba wewe ili uone kofi linavyopigwa.

Nani alikuwa akizunguka? Mimi. Karibu kila siku, mimi. Sikuona ubaya wowote. Niliambiwa piga, nikapiga, nikarudi kukaa.

Na shida yenyewe ilikuwa herufi moja tu, ile s. Kwa Kiingereza mtu akiwa mmoja, kitendo chake kinawekewa s mwishoni: the girl walks. Wakiwa wengi, s inahamia kwa wenyewe na kitendo kinabaki kitupu: the girls walk. Sasa sisi tungeijulia wapi? Kwa Kijaluo msichana atembee peke yake au watembee kijiji kizima, neno la kutembea ni lile lile. Na Kiswahili chetu cha sokoni unakijua, mtu anasema "hii watoto inasumbua" na mboga zinauzwa tu. Hakuna aliyewahi kunyimwa chumvi kwa sababu hiyo. Halafu unaingia darasani, unakuta kuna herufi inayoweza kukuletea kofi.

Ndipo alipokuja Dani yako, bibi yako Atieno.

Ndiyo, Dani huyo huyo unayekwenda kula peremende dukani kwake. Usishangae, naye aliwahi kuvaa yunifomu. Atieno ni mdogo wa mama yangu, kitinda mimba wao hapa Migori. Alikuwa ameacha shule zamani kwa kukosa ada, akakaa nyumbani, akapata mtoto na utingo mmoja wa malori ya mpakani. Yule bwana alivuka kwenda Sirare siku moja kununua sigara na mpaka leo bado ananunua. Atieno alikuwa na miaka kumi na tisa. Kaka yao mkubwa akasema, haya, nitamlipia ada mara hii moja tu, na asome mbali na maneno ya watu. Akaletwa kwetu na mtoto wake mchanga. Akaingizwa darasa la saba, dawati la nyuma yangu, akiwa amewazidi wote urefu isipokuwa Mwalimu Ogola.

Sasa elewa hapa vizuri, kwa sababu nyinyi wa siku hizi mnaitana majina ovyo. Alinizidi miaka michache tu, lakini kwangu alikuwa mama. Nilimwita Mama Mdogo. Nilimsalimu kwanza asubuhi, nilimwachia kiti, nikampokea mzigo. Na kwetu Wajaluo mtoto akimpiga mama yake anajiitia chira, laana ile inayomfuata mtu na kumsumbua mpaka kwa watoto wake. Hilo nililijua kabla sijajua herufi hata moja.

Wiki ya kwanza hakuulizwa kitu. Aliona jinsi nilivyozunguka. Jioni tulipokuwa tunachota maji alitua ndoo akanishika bega.

"Achieng', nikuambie mapema. Wengine wakinipiga nitavumilia. Nilikuja kusoma, na najua niko nyuma. Lakini siku mkono wako utagusa uso wangu, siku hiyo nafunga nguo zangu. Sitakaa nyumba moja na mtoto aliyenipiga mbele ya watu."

"Utaenda wapi, Mama Mdogo?"

"Nitarudi nyumbani. Na wewe unajua nikirudi ndio basi. Kaka alisema mara moja."

Nilicheka kidogo, nikamwambia hilo haliwezi kutokea. Nilidhani atasoma usiku na mchana, hatakosea. Yawa, mtu aliyekaa nje ya darasa miaka yote ile, ana mtoto wa kunyonyesha! Saa ya mapumziko alikimbia nyumbani kumpa titi, akarudi anahema, blauzi imelowa maziwa kifuani, watoto wakaanza kuguna na kusukumana. Alijifunika kwa daftari akakaa. Angelishika saa ngapi hilo somo la s?

Siku ikafika, na haikukawia. Mwalimu Ogola aliandika ubaoni "My sister", akasema kitendo ni kupika. Chaki ikaenda kwa Atieno.

"My sister cook," Atieno akasema, tena kwa sauti, mtu mzima anayejiamini.

"Simama hapo hapo."

Okoth akakosa, akasimama. Okoth huyu alikuwa kijana mwenye viganja vikubwa, mtoto wa fundi wa baiskeli. Wakakosa na wengine. Chaki ilipofika kwangu nilijibu kabla haijatulia: "My sister cooks, sir." Nikasikia "Zunguka", na mwili wangu ukainuka wenyewe kama ulivyozoea. Nikaanza mstari wa mbele. Pa. Pa. Okoth naye pa. Nikafika nyuma, nikainua uso, nikamwona Mama Mdogo amesimama, mikono nyuma, ananitazama. Hakuniomba. Hakutikisa hata kichwa.

Mkono wangu ulikuwa umeshapanda hewani. Nikaushusha.

"Mbona umesimama?" Mwalimu akauliza.

"Huyu siwezi, Mwalimu."

"Kwa nini huwezi?"

"Ni mama yangu."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Ogola hakucheka. Naye alikuwa Mjaluo, alijua nilichosema kilikuwa na uzito gani, na nadhani ndiyo maana alikasirika.

"Sikiliza wewe. Hapa hakuna mama. Mkivuka lango lile, jamaa zenu mmewaacha nje pamoja na mbuzi. Hapa kuna aliyepata na aliyekosa. Piga."

"Sipigi."

"Unasema nini?"

"Nimesema sipigi, Mwalimu. Ukitaka nipige mimi. Yeye simgusi."

Mwanangu, sijui maneno hayo yalitoka wapi. Mdomo uliendelea kama si wangu. Alinichapa kiboko mbele ya ubao mpaka mkono wake ukachoka, na mimi nilikuwa na hasira hata kulia nikasahau. Halafu akanitimua, nisirudi mpaka nije na mzazi.

Mama aliposikia alinifokea, wololo! "Wewe ni nani wa kumjibu mwalimu? Nani amekufundisha huo mdomo?" Aliyenifundisha nilikuwa namtazama. Alifoka mpaka sufuria ikaungua. Lakini asubuhi sikumwona akipanga viazi vya soko. Alijifunga leso yake mpya, akanishika mkono, tukapanda shuleni.

Mama alikuwa na kawaida hii: akitaka kuwa mkali kwa mtu mkubwa, aliacha Kijaluo akaingia Kiswahili, hicho cha soko la Oyugis. Akasimama mbele ya Mwalimu Ogola, akamwamkia vizuri, akasema:

"Mwalimu, mimi sikusoma. Mimi nauza viazi. Lakini hii mtoto haiwezi kupiga mama yake. Hata wewe haungepiga yako. Kama hiyo Kiingereza inataka hivyo, basi ikae na mwenyewe, sisi tutauza viazi."

Mwalimu akakohoa. Akatazama dirishani. Nilifikiri tumeshinda. Kumbe.

"Mama, nimekusikia," akasema. "Hatampiga. Lakini darasa langu lina sheria. Kuanzia leo, Atieno akikosa, kofi lake atalipokea Achieng'."

Mama akafungua mdomo, kisha akanitazama mimi. Alikuwa ananiuliza, unaelewa? Nikaitikia kwa kichwa. Nilisema sawa, tena kwa kiburi, kwa sababu nilikuwa sijawahi kupigwa kofi na Okoth.

Nilikuja kulijua. Atieno alikosea siku ile ile, Okoth akaambiwa alipe kofi nililompa jana, nikaona nyota mchana kweupe. Kesho yake akakosea tena, na keshokutwa. Kadiri alivyoogopa nisipigwe, ndivyo ulimi wake ulivyojifunga zaidi. Watu husema hofu inafundisha. Thubutu! Mimi nimefundisha Kiingereza maisha yangu yote na sijaona mtoto hata mmoja aliyefundishwa kitendo na hofu. Hofu inamfundisha kunyamaza tu.

Jumamosi moja nikamkuta Atieno nyuma ya nyumba anafunga nguo zake kwenye gunia la sukari, mtoto mgongoni.

"Nini hii, Mama Mdogo?"

"Narudi. Siwezi kukaa pale nikikuuza kila siku. Shavu lako limevimba kwa sababu yangu."

Hapo ndipo nilipowaka. Nikamnyang'anya lile gunia, nikalimwaga chini, nguo zote, na nepi za mtoto zikaanguka vumbini.

"Ukienda, nimepigwa bure!" nikamwambia. "Makofi yote yale, kiboko, mama kuacha soko lake, yote bure! Huendi mahali. Kaa chini nikufundishe."

Mtoto kumfokea mama hivyo, ni makosa. Lakini sijawahi kuomba msamaha kwa hilo na leo siombi. Atieno alinitazama, halafu akakaa kwenye jiwe la kufulia.

"Haya, nifundishe," akasema. "Lakini kabla hujaanza, nijibu kitu kimoja. Mimi umekataa kunipiga kwa sababu ni mama yako. Okoth ulimpiga. Yule msichana wa mbele mwenye upele ulimpiga. Kwani wao hawana mama?"

Nikasema, "Wao si ndugu zangu."

"Mimi sikuuliza kama ni ndugu zako. Nimeuliza kama hawana mama. Siku ile mama wa Okoth angekuwa dirishani akikuangalia, ungepiga?"

Nilitaka kumwambia kwamba niliamriwa, nikakumbuka kuwa kumpiga yeye pia niliamriwa. Nikaokota nepi moja nikaanza kuikung'uta vumbi. Hilo swali, mwanangu, limenikera mpaka leo, na ndilo ninalokuuliza wewe na njugu zako hizo.

Basi tukaanza. Pale nyumbani mimi na yeye tulikuwa na leso moja nzuri ya kutokea. Akitoka nayo yeye, mimi nabaki. Nikitoka nayo mimi, yeye anabaki. Nikamwambia, s ndiyo leso yetu. Jina na kitendo ni sisi wawili. The girl hajavaa, basi kitendo kinavaa, walks. The girls amevaa, basi kitendo kinabaki bila, walk.

Akafikiri. "Na children? Hao ni wengi na hawana s."

Sikuwa nimelifikiria hilo.

"Children cry," akasema polepole. "Hakuna aliyevaa. Basi leso yako hii inadanganya, Achieng'. Isitazamwe leso. Atazamwe mwenyewe, ni mmoja au ni wengi. Nimhesabu mtu kwanza."

Tangu hapo akawa anahesabu watu. Tukienda Oyugis na viazi kichwani, ananiambia, "Yule mama anauza nyanya. Mmoja. Sells. Wale vijana wanasukuma mkokoteni. Wengi. Push." Ng'ombe akilia, one cow, moos. Mtoto mgongoni akilia, the baby cries. Na huyo baby, mwanangu, ambaye vitendo vyote vya Kiingereza vilifanyiwa mazoezi juu yake, kulia, kulala, kunyonya, kujikojolea, ndiye mama yako aliyekuleta kwangu usome. Watu sokoni walidhani Atieno anatabana uganga. Mwanamke mmoja akamuuliza kama anaumwa. Akamjibu, "Nasoma," akaendelea na safari.

Makofi yakapungua, yakawa ya siku moja moja, halafu yakakoma. Mwalimu Ogola hakusema kitu, lakini nilimwona akimtafutia maswali magumu zaidi.

Siku moja mvua ilinyesha asubuhi, sakafu ina tope. Mwalimu akaandika ubaoni "The mother of the twins", yaani mama wa mapacha, na kitendo ni kulia. Akaanza na wale wa nyuma. Wakakosa. Okoth akakosa. Chaki ikaja kwangu, nami bila hata kupumua nikatazama lile neno la mwisho, twins, nikaona s, nikaona wengi, nikasema, "The mother of the twins cry, sir."

"Simama."

Sikuamini. Achieng' Kizungu nimesimama na wenzangu, na kuna mtu nyuma akacheka chini chini.

Chaki ikaenda kwa Atieno. Nikaona midomo yake inahesabu.

"Cries," akasema. "The mother of the twins cries."

"Kwa nini?" Mwalimu akauliza. Hakuwa na kawaida ya kuuliza kwa nini.

"Anayelia ni mama. Ni mmoja. Mapacha wamelala."

Mwalimu Ogola akaweka chaki chini, akapangusa vidole. Uso wake ukawa na kitu kama furaha, nasema kweli, ile ya mwalimu aliyesikia jibu. Halafu akasema kama alivyozoea, "Vizuri. Zunguka."

Atieno akainuka, akatoka kwenye dawati. Alinijia mimi kwanza. Na elewa hapa pia: yeye alikuwa na haki ya kunipiga. Mama anaweza kumzaba mtoto wake kofi, chira haimo, hakuna ambaye angesema neno. Nilijua hivyo, na nikafumba macho. Nikasema moyoni, napigwa na wangu, afadhali.

Kofi halikuja. Nikafumbua jicho moja. Alikuwa ananitengeneza kola ya yunifomu.

"Mwalimu, sitazunguka," akasema.

"Atieno, usianze na wewe. Huyo ni mtoto wako, si ndivyo mnavyosema? Mpige mtoto wako."

"Ni mtoto wangu. Akikosa adabu nyumbani nitamchapa nyumbani, na hatalala na njaa. Hapa amekosa Kiingereza. Kukosa Kiingereza si utovu wa adabu, Mwalimu. Hata mimi nilikikosa."

"Basi muache huyo. Piga wengine."

Atieno akageuka akawatazama wote waliosimama, mmoja mmoja, Okoth na viganja vyake, yule msichana wa mbele, wote. Akasema, "Hawa pia wana mama zao. Mimi nimezaa, Mwalimu. Nimejua mtoto anavyotoka. Mkono wangu sitaukopesha."

Alichapwa. Usidhani kulikuwa na muujiza. Alichapwa yeye na nilichapwa mimi kwa kukosea, na maziwa yalimtoka yakalowesha blauzi, na safari hii hakuna mtoto aliyecheka. Kesho yake mwalimu akaandika ubaoni kama kawaida, wakakosa wengi, na aliyepata alikuwa Okoth. Jibu lake la kwanza sahihi tangu nimjue! "Zunguka," akaambiwa. Okoth akaangalia viganja vyake vile vikubwa, akaangalia nyuma kwa Atieno, akavitia makwapani.

"Siwezi, sir," akasema.

Na aliyemfuata akakataa. Na mimi siku iliyofuata nilipopata, nilikataa kabla sijaambiwa. Sasa Mwalimu Ogola akawa na kazi ya kulipiga darasa zima yeye mwenyewe, na mikono yake ilikuwa miwili tu. Alijaribu, haki ya Mungu alijaribu. Alichoka. Muhula haujaisha alikuwa akituuliza "Kwa nini?" badala ya "Zunguka". Hakuomba radhi, na sisi hatukumdai. Alikuwa mwalimu hodari kuliko nilivyowahi kumwona, baada ya mikono yetu kumwacha peke yake.

Atieno alimaliza darasa la nane. Kaka yake aliyesema mara moja tu alilipa tena bila kuambiwa, Atieno akaenda sekondari, na leo ana duka la pembejeo na dawa za mifugo hapa mjini. Wakulima wanamletea chupa awasomee maandishi. Bado anakosea Kiingereza, tena mbele ya mawakala waliovaa tai. Anakosea kwa sauti, anajirekebisha kwa sauti, na anauza. Nani atamcheka? Wewe ujaribu nione.

Sasa nikuambie lililo langu, usije ukasema hukuelewa. Ruhusa uliyopewa na mwalimu wako, irudishe. Siku hizi kofi limekatazwa shuleni, na mimi nilishangilia lilipokatazwa, lakini watu ni wajanja, wamelibadilisha likawa kicheko. Jana kule bombani wewe ulizunguka. Hukuinua mkono, uliinua meno, na yule mtoto aliondoka kama aliyezabwa kofi, sawasawa na Okoth. Kujua unajua, sawa, jivunie, mimi sikukatazi. Lakini ukipata jibu, kazi yako ni kumvuta aliyekosa akae pembeni yako. Na mtu akikuamuru utumie ujuzi wako kumuumiza mwenzako, awe mwalimu, awe mkubwa wa kazi, awe hata mimi, mtazame usoni mwambie hapana. Sema kwa adabu, ila sema. Utachapwa kwa namna moja au nyingine. Chapwa. Mwili unapona. Mimi na Dani yako tulipona.

Na wewe ukikosea, kosea kwa sauti. Usimnyamazishe mtoto aliye ndani yako kwa sababu ya herufi moja. Mhesabu mwenye kitendo, ni mmoja au ni wengi, kisha sema. Ukikosa, uliza kwa nini, kaa, endelea.

Weka hizo njugu chini. Nimeona hujamenya hata nusu, ulikuwa unalia, haya, futa. Chukua mtungi mkubwa, siyo ule mdogo, nenda bombani ujaze. Umpelekee yule mtoto wa Isebania mlangoni kwao, umwambie ni maji yake ya jana. Halafu muulize kwao Kikuria wanasemaje "wanakwenda". Akikufundisha ukakosea, na akicheka, vumilia kidogo, ni zamu yake.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe kichwa chepesi cha kushika na mkono mzito wa kuinuka kupiga. Akupe watu watakaokuuliza kama wenzako hawana mama. Na siku utakayosimama peke yako ukasema sipigi, akusimamishie Atieno nyuma yako.